Klorini Iliyosomeka Huku Haifanyi Kazi

Tarehe 9 Agosti 2016, katika Olimpiki ya Rio de Janeiro, bwawa la kuruka majini la kituo cha Maria Lenk liligeuka kijani, la jirani yake likiwa bado la buluu. Baada ya muda mfupi, nalo likaanza kubadilika. Waandaaji walitoa maelezo zaidi ya moja kabla ya kukifikia kiini: tarehe 5, siku ya sherehe za ufunguzi, mkandarasi alikuwa amemimina humo lita 80 za peroksidi ya hidrojeni.

Peroksidi huua vijidudu. Klorini nayo huua vijidudu. Zikikutana huuana zenyewe: klorini hugeuka kloridi, chumvi isiyo na makali, na oksijeni hutoka kwa viputo. Gramu moja ya peroksidi humaliza takriban gramu mbili za klorini. Sasa chukua bwawa la nyumbani la lita 60,000 lenye miligramu 2 za klorini kwa lita. Klorini yote iliyomo ni gramu 120 tu. Lita moja ya peroksidi ya asilimia 6 ina gramu 60 hivi, yaani chupa moja inatosha kuliacha bwawa zima bila kinga.

Lakini kwangu mimi, kosa kubwa halikuwa kumimina. Mitambo ya kufuatilia klorini ilidanganyika, ikaendelea kusoma kwamba ipo, na mwani, ulioyapa maji rangi ya kijani, ukapata siku nne za kuzaliana. Kosa hili linaingia majumbani kwa urahisi. Matone ya kupimia yanayogeuza maji kuwa njano hupima klorini yote, hata ile iliyokwisha kufungamana na jasho na mkojo, ambayo nguvu yake ni ndogo mno. Nunua kipimo cha DPD, chenye rangi ya waridi, kinachotenga klorini iliyo huru. Namba hiyo ndiyo ya kuamini.

Rio hawakuwa na muda. Bwawa la pili lilingojewa na waogeleaji wa sanaa, ambao lazima waonane chini ya maji, hivyo likamwagwa na kujazwa takriban lita milioni 3.7 kutoka bwawa la mazoezi. Nyumbani, maji yakigeuka kijani, usikimbilie kumwaga. Pwani, ambako maji ya ardhini yako karibu, bwawa tupu linaweza kuinuliwa na kupasuka.

Anza na pH. Ikiwa 8, ni kama robo tu ya klorini iliyo katika umbo lenye makali. Ukiishusha hadi 7.2, inafika karibu theluthi mbili. Kisha sugua kuta na ngazi kwa brashi, maana mwani uliogandamana hujikinga. Weka klorini jua likizama, kwa sababu mchana miale huiteketeza kwa saa chache maji yasipokuwa na kiimarishi. Pampu isizimwe usiku kucha, na chujio la mchanga lisafishwe kwa kurudisha maji kinyume kila mgandamizo wake unapopanda.

Pima giza likiingia, pima tena kabla ya jua kuchomoza. Klorini ikiwa imepungua kwa zaidi ya miligramu 1 kwa lita, hakuna jua la kusingizia: mwani bado uko hai, hata kama maji yameanza kung'aa.