Majina ya Kikerewe na Mgeni Ajifunzaye Lugha

Wageni waliofika kando ya Nyanza hawakuwa wote wa namna moja katika kujifunza lugha. Speke alilitazama ziwa kutoka Mwanza mwaka 1858, akaliita kwa jina la malkia wake, na neno la wenyeji, nyanza, lililo maana yake ziwa kubwa tu, akalifanya mkia wa jina hilo. Mapadre Weupe waliofika kusini mwa ziwa mwishoni mwa mwaka 1878 walikaa, wakasikiliza, wakaandika. Mwaka 1909 Padre Eugène Hurel alitoa maelezo ya lugha ya Kikerewe kwa Kifaransa. Kazi za namna hiyo twaziheshimu, maana ni jasho la watu waliojifunza bila kitabu cha kuwatangulia. Walakini yafaa kuuliza: sarufi humfikisha mgeni wapi, naye humwachia wapi njiani? Jibu twaliona katika kitabu cha mwana wa Ukerewe mwenyewe, Aniceti Kitereza.

Kitereza alizaliwa mwaka 1896, akasoma katika misheni ya Kagunguli na katika Seminari ya Rubya. Mwaka 1945 alimaliza kuandika kwa Kikerewe habari za Bwana Myombekere na mkewe Bugonoka. Kwa kuwa hakupatikana mchapaji wa kitabu cha Kikerewe, alikifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, kikatolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1980. Mwandishi alifariki mwaka uliofuata. Baadaye Wilhelm Möhlig alikifasiri kwa Kijerumani, na Gabriel Ruhumbika, Mkerewe pia, akakitoa kwa Kiingereza mwaka 2002.

Wako wasomaji wanaolalamika kwamba kitabu hiki huenda polepole. Kwamba salamu, pombe, kilimo na dawa huelezwa kwa urefu kupita haja ya hadithi. Hatukubaliani nao. Mwandishi alitaka desturi za wazee zisipotee, na desturi haielezwi kwa haraka. Neno tunaloliona kuwa na uzito zaidi ni hili: jina la kitabu ni majina ya watu wanne, baba, mama, mwana na binti, nayo yameachwa kwa Kikerewe bila kufasiriwa. Msomaji wa mbali huyapita kama vibao tu. Mkerewe ameanza kusoma habari kabla hajafungua ukurasa wa kwanza.

Tulitazame jina la mwana, Ntulanalwo. Aliyejifunza sarufi ataligawa pasipo shida: nakaa nalo daima, au nakaa nacho. Kitu gani? Jina halisemi. Silabi ya mwisho yaonyesha ngeli tu, na Mkerewe asikiaye hutambua kwamba kinachosemwa ni kifo, neno la ngeli hiyo. Vivyo hivyo jina la binti, Bulihwali, lauliza: utakwisha lini? Uchungu wenyewe hautajwi. Sarufi humpa mgeni kiungo, lakini neno lililofichwa hulipata kwa watu tu, kwa kuzijua nyumba na misiba yao.

Majina si yote yaliyo na ugumu huu. Kwa Wasukuma, ajuaye kwamba mbula ni mvua atalifahamu jina la Mabula, mtoto aliyezaliwa wakati wa mvua. Kulwa na Doto hayafumbuliwi kwa kamusi, lakini desturi yake ni wazi kwa wote: ni pacha wa kwanza na wa pili. Majina kama Ntulanalwo ni daraja la tatu. Ni maneno ya mzazi anayesema na jirani, na mauti, na Mungu, na nusu ya maneno ameyameza.

Jambo hili lawagusa mapadre na makatekista kuliko wataalamu wa lugha. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917, katika kanuni ya 761, iliwaagiza maparoko waangalie mbatizwa apewe jina la Kikristo. Na wasipofaulu, waliongeze jina la Mtakatifu juu ya lile walilolitoa wazazi, na yote mawili yaandikwe katika kitabu cha ubatizo. Sheria ya mwaka 1983, kanuni ya 855, yataka tu lisitolewe jina lililo geni kwa moyo wa Kikristo. Basi ni nani atakayeamua kwamba jina ni geni? Asiyejua Kikerewe ataambiwa kwamba Ntulanalwo ni jina la kifo, naye ataliepuka kama la kishenzi. Ajuaye atasikia maombolezo.

Maandiko Matakatifu yana majina ya jamii hiyohiyo. Mama yake Yabesi alimwita hivyo kwa huzuni ya kumzaa. Mke wa Finehasi, alipokuwa akifa, alimwita mwanawe Ikabodi. Raheli naye alimwita wake Benoni, mwana wa uchungu. Mtu atatujibu kwamba Yakobo alilibadili jina hilo kuwa Benyamini. Ni kweli. Lakini Yakobo alilifahamu kabla ya kulibadili, na Mwanzo, sura ya 35, imeyahifadhi majina yote mawili. Anayefuta jina asilolifahamu hafanyi kama Yakobo. Huyanyamazisha maneno ya mama, na mtoto atakapouliza kwa nini aliitwa hivyo, kitabu cha ubatizo hakitakuwa na la kumjibu.

Kwa hiyo twawashauri walimu wanaomfundisha mgeni lugha wasimpe majina mwishoni, kama nyongeza baada ya sarufi. Kila jina atakalolikuta katika daftari la shule na alifuatilie kwa maswali matatu: ni nani aliyelitoa, nini kilikuwa kimetukia nyumbani humo, na ni neno gani lisilotajwa. Na wakisome kitabu cha Kitereza pamoja, kwa Kiswahili chake, wakianza na jalada. Mgeni atakayeweza kusema kwa nini dada yake Ntulanalwo aliitwa Bulihwali amejifunza Kikerewe zaidi ya yule aliyezishika ngeli zote kwa moyo.