Kifuu na Mwenzake

Vunja nazi mbili, zikune, kisha vifuu vyake vinne vichanganye kapuni. Mwite mtoto umwambie aoanishe. Hatauliza afanyeje. Atashika kimoja, akijaribishe kwa cha pili, kitacheza. Akijaribishe kwa cha tatu, meno yataingiana na ufa utajifunga kama haukuwapo. Kifuu hakikubali kingine ila mwenzake.

Sikuwahi kuuona mchezo huo wa jikoni kuwa elimu, mpaka nilipokisoma kisa cha Stephen Motsumi na Nkwane Molefe, mafundi wa pango la Sterkfontein, nje ya Johannesburg, Afrika Kusini. Mwishoni mwa Juni 1997 mtafiti Ronald Clarke aliwapa nakala ya kipande cha mundi, ule mfupa mkuu wa chini ya goti, kilichokatika kwa kuvunjika. Kazi yao ilikuwa kushuka pangoni na kuutafuta mfupa mwenzake ukutani.

Ieleweke walichoagizwa. Chumba kile cha chini, kiitwacho Silberberg, ni kikubwa na kina giza la mwaka mzima. Kuta zake, dari yake na sakafu yake ni jiwe gumu lililojaa mifupa ya kila namna, mingi ikiwa ya wanyama. Walichokuwa wakitafuta ni doa la mfupa lililokatika sawasawa na ile nakala, upana wa dole gumba au zaidi kidogo, na walichokuwa nacho ni taa za mkononi. Hawakumaliza siku mbili. Tarehe 3 Julai waliiweka nakala kwenye doa moja ukutani, nayo ikakaa. Meno yaliingiana.

Wasimulizi wengi wakifika hapa husema ni bahati. Mimi neno hilo silipendi. Bahati haisomi ukuta. Nimemwona bibi yangu akichambua mchele kwenye ungo huku akizungumza na jirani, macho yake hayapo hata kwenye ungo, na bado kijiwe kilicho cheupe kama mchele wenyewe kikatolewa kwa kidole na kutupwa. Sisi wajukuu tuliochambua kwa kukodoa macho ndio tuliovunja meno ya wageni. Jicho lake lilikuwa limepita juu ya mchele miaka hamsini. Motsumi na Molefe nao walikuwa wamekaa na mwamba ule miaka mingi, wakitoa visukuku humo, na jicho lao lilishajua mfupa unavyokuwa unapokatwa ukiwa ndani ya jiwe: duara lenye ukingo mzito, na katikati yake rangi nyingine. Walichokitafuta walikuwa wanakifahamu kwa sura.

Kipande chenyewe kilikuwa na safari yake. Septemba 1994 Clarke, akipekua masanduku ya mifupa iliyodhaniwa ni ya wanyama tu, alikuta mifupa minne midogo ya mguu wa kushoto ambayo haikuwa ya nyani wala ya chui. Ilikuwa ya kiumbe aliyetembea kwa miguu miwili. Kwa udogo wa mifupa hiyo wakampa jina la utani, Little Foot, mguu mdogo. Mei 1997 akapata vipande zaidi, kikiwemo hicho cha mundi. Hapo ndipo akili ya fundi ilipofanya kazi kabla ya mkono: mfupa ulikuwa umekatika kwa mkato safi, na mkato safi ni wa baruti. Kama baruti ndiyo iliyoukata, basi nusu ya pili bado imo ukutani, mahali pale pale baruti ilipoishia.

Baruti hiyo ilikuwa ya wachimba chokaa. Tangu miaka ya 1890 watu waliingia katika mapango ya eneo lile kutafuta chokaa, si mifupa. Ile michirizi mizuri ya mawe iliyoning'inia darini kwa maelfu ya karne ilipasuliwa, ikachomwa, ikauzwa. Nawalaumu, lakini lawama yangu haiendi mbali, maana bila wao tusingejua kilichomo. Kwetu huku mambo ni tofauti. Kule Oldupai, ambako mtafiti Mary Leakey aliliona fuvu maarufu la kale mwezi Julai 1959, mvua hufanya nusu ya kazi: hula udongo wa makorongo, mfupa ukachungulia, na mwenye jicho akapita akauona. Ndani ya pango mvua haifiki. Nusu hiyo ya kazi ilifanywa na baruti, na baruti haina adabu. Hata watafiti wenyewe waliitumia. Robert Broom na John Robinson walipolitoa fuvu linaloitwa Mrs Ples, papo hapo Sterkfontein, Aprili 1947, lilitoka vipande viwili kwa sababu ya mlipuko.

Basi tuseme doa limeonekana. Sasa mfupa unatokaje?

Jiwe lenyewe huitwa breksia. Ukitaka kulijua, liangalie zege la msingi wa nyumba: kokoto, mchanga na saruji vimeshikana mpaka hujui kipi kiliingia kwanza. Badala ya kokoto weka vipande vya mwamba vilivyoanguka kutoka darini, badala ya mchanga weka udongo mwekundu ulioingia na maji ya mvua kupitia nyufa za juu, na badala ya saruji weka chokaa iliyoyeyuka ikaganda tena. Katikati ya zege hilo, mlaze kiumbe aliyeanguka shimoni. Muda ukipita, kila kitu kinakuwa jiwe, ila si kwa ugumu ule ule. Jiwe ni gumu kuliko mfupa. Hilo ndilo fumbo zima la kazi hii. Seremala akikosea hukata ubao mwingine. Mwashi akikosea hubomoa akajenga upya. Fundi wa visukuku anaondoa kigumu ili abakishe kilaini, na kila anachoondoa hakirudi.

Kule Sterkfontein walianza na nyundo na tindo ndogo. Kisha ikaja sindano ya chuma inayotetemeka kwa hewa ya kompresa, ndugu wa ile mashine ya daktari wa meno tunayoikimbia sote. Ncha yake hugonga jiwe kwa kasi, punje kwa punje. Fundi hapaswi kuugusa mfupa. Anapaswa kufika karibu nao kiasi kwamba utando wa mwisho wa jiwe uachie wenyewe. Atajuaje kuwa amekaribia? Rangi hubadilika kidogo. Mlio wa sindano nao hubadilika, na vumbi huwa jingine. Mfupa ukianza kumeguka humimina gundi nyepesi, husubiri inywewe na kukauka, kisha huendelea. Siku nzima ya kazi inaweza kuonekana kama hakuna kilichofanyika.

Hapa ndipo watu hukimbilia kuisifu subira. Mimi nataka kupinga. Subira hata kobe anayo. Mtu aweza kukaa mbele ya ukuta ule miaka kumi kwa utulivu wa ajabu na kila siku akaharibu kidogo. Anachosifiwa fundi wa visukuku, kwa maoni yangu, ni hukumu: kuamua mara elfu kwa siku kwamba hapa niendelee na hapa niishie, na kuishia unywele mmoja kabla ya hasara. Raymond Dart alipoletewa jiwe kutoka machimbo ya chokaa ya Taung mwaka 1924, hakuwa na mashine wala mwalimu. Alinoa sindano za kufumia za mkewe akaanza kuchokoa. Desemba 23 jiwe lilipasuka na uso wa mtoto wa kale ukamtazama, na meno yake ya utotoni yakiwa yamejaa. Dart alikuwa mwalimu wa anatomia. Sindano zilikuwa za nyumbani, lakini aliyezishika alijua jicho hukaa wapi na taya huishia wapi. Asiyejua umbo la kitu hawezi kukitoa ndani ya kitu kingine.

Ndiyo maana kisa cha Sterkfontein kilikaribia kukwama. Baada ya miguu kuonekana walichimba kuelekea kule kiwiliwili kilikopaswa kuwa, wasikute kitu. Miezi ikapita. Ilibidi waache kuusoma mfupa na waanze kuusoma mwamba wenyewe, kwamba zamani sana sehemu ya tabaka iliporomoka, na pengo likajazwa na chokaa iliyoganda. Mifupa ya juu ilikuwa imeshuka pamoja na sakafu yake. Septemba 1998 Motsumi alikuta kipande cha mkono mahali ambapo hesabu hiyo ilielekeza, na muda si muda fuvu likaonekana.

Kuanzia hapo ni miaka. Mifupa ilikatwa pamoja na jiwe lake katika mabonge, ikapandishwa juu, ikasafishwa mezani, mingine chini ya hadubini. Mwanamke huyo wa kale, kwa kuwa wanaamini ni wa kike, alionyeshwa hadharani katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand Desemba 2017, zaidi ya asilimia 90 ya mifupa yake ikiwa imepatikana. Hesabu iliyochapishwa 2015 ilimpa miaka milioni 3.67, wapo wanaosema ni mdogo zaidi, na wapo wanaobishania jina la jamii yake. Ubishi huo waachiwe wenyewe. Ushahidi wanaobishania umefika mezani mzima, na walioufikisha hawakuuvunja.

Si kila pango lina zege. Si mbali na hapo, katika pango la Rising Star, mifupa ya kiumbe wa kale aliyepewa jina Homo naledi, iliyoonekana mwaka 2013, ililala kwenye udongo laini, ila njia ya kuifikia ilibana mpaka sentimita 18, na waliochaguliwa kushuka kuichimba walikuwa wanawake sita wenye maumbo membamba na mishipa migumu. Na kwetu pwani, katika vilima vya Kilifi, pango la Panga ya Saidi lilitoa mtihani wa kinyume kabisa. (Panga hapa si la kukatia miti, kwa Wamijikenda ndilo pango, nao bado wanaliheshimu kwa matambiko yao.) Humo, kama mita tatu chini ya sakafu, wachimbaji walikuta kishimo cha mviringo chenye mifupa iliyooza mpaka ikawa kama unga. Huko Sterkfontein jiwe lilikuwa adui. Hapa hewa yenyewe ilikuwa adui. Ukipiga brashi, kinaondoka ulichokuja kukitafuta.

Waliacha kuchimba. Huo nao ni ufundi, na pengine ndio mkubwa. Walilifunga bonge zima la udongo kwa plasta ngumu, ile anayofungwa aliyevunjika mguu, ambayo mtaani tunaiita hogo, wakalibeba mpaka makumbusho ya Nairobi. Huko meno mawili yalijitokeza, ya mtoto. Bonge likasafirishwa hadi Burgos, Hispania, likafanyiwa kazi zaidi ya mwaka, mara kwa picha za kuona ndani bila kufungua, mara kwa mkono. Alikuwa na umri wa miaka miwili na nusu au mitatu, amelazwa ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa kifuani, na kichwa kimeegemea namna inayoonyesha kilikuwa na mto wa kitu kilichooza. Amelala hivyo miaka 78,000. Habari zake zilipotangazwa 2021 duniani kote, aliitwa kwa neno letu, Mtoto. Huyu si wa kale kama yule wa Sterkfontein. Ni mtu kama sisi, na aliyemlaza vile alijua kubembeleza. Lakini mkao huo wote tusingeujua kama mchimbaji mmoja, siku ile kishimoni, angesema ngoja nitoe kimoja tu nikione.

Juu ya karatasi za kisayansi jina linaloongoza kisa cha Little Foot ni la Clarke, na ni haki yake. Sifa yake nyingine ni kwamba anapokisimulia huwataja Motsumi na Molefe kwa majina yao kamili. Wengi hawakubahatika hivyo. Katika picha za zamani za machimbo, Kusini na hata Afrika Mashariki, utamwona Mzungu mwenye kofia na jina lake chini, na pembeni watu watano walioshika vyombo, wakiandikwa kwa neno moja tu: wasaidizi. Nikiziona picha hizo huwa natazama mikono kabla ya nyuso.

Mwaka 1999 yalichapishwa maelezo ya mkono wa kushoto wa Little Foot, uliofunuliwa ukiwa mzima ndani ya mwamba, kuanzia juu hadi vidoleni, mifupa bado imekaa kwa mpango wake. Nimejaribu mara nyingi kuiwaza kazi ile ya mwisho kwenye vidole. Taa imewekwa ubavuni ili kila kimo kitupe kivuli. Sindano inanguruma, inanyamaza, inanguruma tena. Fundi ameinama, dole gumba na cha shahada vimeshika chombo, vile vingine vitatu vimeegemea mwamba kuutuliza mkono usiteleze. Na mbele ya vidole hivyo, karibu kama upana wa sarafu, vinatokeza vidole vingine, na gumba lake.