Fundi na Mhimili wa Y

Kabla ya kugusa waya wowote, fundi alilegeza koleti, akaitoa biti na kuiweka kwenye kopo. Kisha akavua mikanda yote miwili ya mhimili wa Y kutoka kwenye puli zake, ili mota zizunguke bila kuvuta kitu. Mwisho akabandika kipande cha selotepu kwenye kila shafti, kikaning'inia kama kibendera. Sasa kila robo ya mzunguko ingeonekana kwa macho.

Mashine ilikuwa CNC ndogo ya kuchonga nakshi, juu ya benchi la karakana ya samani pale Keko, Dar es Salaam. Kijana wa karakana ameiunda mwenyewe. Ubongo wake ni bodi ya Arduino Uno yenye programu ya GRBL, iliyoanzishwa mwaka 2009 na Simen Svale Skogsrud wa Norway, na juu ya Arduino imepandishwa bodi nyingine yenye draiva nne za A4988. Daraja linalobeba ruta husukumwa kwenye mhimili wa Y na mota mbili, moja kila upande, na hapo ndipo palipokuwa na tatizo. Likiamriwa kwenda mbele, upande wa kushoto ulikwenda, wa kulia ukanguruma palepale, na daraja likakaa mshazari.

Fundi alizima umeme, akasubiri taa ya pawa saplai ife kabisa. Mota haichomolewi wakati draiva ina umeme. Draiva inaweza kuungua papo hapo. Alipochomoa mota ya kulia, alishika nyaya zake nne, akagusanisha mbili na kuzungusha shafti kwa vidole. Ikazunguka laini. Akabadilisha waya mmoja, akajaribu tena, na safari hii shafti ikawa nzito. Mota ya aina hii ina koili mbili, na ncha mbili za koili moja zikiunganishwa, shafti hukataa kwenda kirahisi. Akathibitisha kwa mita: omu chache tu. Kumbe kwenye plagi, waya wa koili moja ulikuwa umekaa mahali pa mwenzake. Kwa sindano akaitoa pini, akairudisha panapostahili.

Akawasha, akaagiza milimita 10. Vibendera vyote viwili vikazunguka, kwa mwelekeo mmoja, kila kimoja kikitazamwa kutoka mbele ya shafti yake. Mota hizi zimefungwa zikitazamana, kwa hiyo lazima zizunguke kinyume ili mikanda ivute upande uleule. Kijana alitaka kubadilisha mpangilio wa $3, unaogeuza mwelekeo wa mota, kwenye programu. Fundi akamwonyesha kwamba draiva zote mbili hupokea amri moja ya Y, na $3 ingezigeuza kwa pamoja. Akazima tena, akapindua koili moja tu ya mota ya kulia, nyaya mbili kubadilishana nafasi.

Hapo wengi wangerudisha mikanda. Yeye alirudia milimita 10, akainama hadi macho yakawa sawa na shafti. Kibendera cha kushoto kilikwenda robo ya mzunguko, cha kulia nusu. Hesabu ya kushoto ndiyo sahihi: puli ina meno 20, mkanda una milimita 2 kati ya jino na jino, basi mzunguko mzima ni milimita 40. Alizima umeme, akachomoa draiva ya kulia na kutazama chini yake. Jampa zinazotakiwa ni tatu, ili kila hatua ya mota igawanywe mara 16. Moja haikuwepo, hivyo draiva ilikuwa inagawa mara 8, na kila pigo lilikwenda umbali maradufu. Kosa hilo lilikuwa limejificha nyuma ya yale mawili ya kwanza. Akaiweka jampa iliyokosekana.

Kabla ya kufunga alipima volti ya draiva kwa mita, akigusa kijiskrubu cha kurekebishia. Vipinga vyake vimeandikwa R100, hivyo volti 0.8 humaanisha ampea 1, na mota zinaimudu. Alikigeuza kwa bisibisi ya kauri, kidogo sana, akapima, akakigeuza tena.

Mikanda ikarudi, ikakazwa, na kazi ikahamia mhimili wa X. Hatua 200 za mota mara 16, gawanya kwa 40: hatua 80 kwa milimita. Aliamuru milimita 100, akapima kwa kalipa, zikatoka 99.1. Akarudia: 98.6. Akarudia tena: 99.4.

"Niongeze kwenye 80, fundi?" kijana akauliza.

"Subiri, mwanangu. Namba ikikosea, hukosea vilevile kila mara. Hii inabadilika."

Akaishika puli ya X, akaitikisa. Skrubu ndogo inayoibana kwenye shafti ilikuwa imelegea. Aliikaza kwa elen-ki upande ule bapa wa shafti, akapima: 100.0, mara tatu mfululizo. Namba 80 haikuguswa, na katika yote aliyoyafanya siku ile, hilo ndilo nililolistahi zaidi.

Alifunga kalamu mahali pa biti na kuchora mraba wa milimita 100 kila upande. Akapima kona kwa kona, njia zote mbili: 141.4 na 141.4. Kisha akaandika kwenye karatasi, kwa herufi kubwa, X 80, Y 80, Z 400, jampa tatu kila draiva, volti 0.8, na rangi za nyaya za kila mota kwa mpangilio wake. Akaigundisha ndani ya kifuniko cha boksi la umeme, akampa kijana biti.