Upelelezi ulioishia kwa mwenye panga

Shule ya Kabanga, wilayani Kasulu, mkoani Kigoma, ilikuwa ya watoto wenye mahitaji maalumu. Kuanzia mwaka 2008 ikawa kimbilio pia: watoto wenye ualbino walipelekwa huko, wengine bila wazazi wao, kwa kuwa waliwindwa kwa ajili ya viungo vyao na vijijini hapakukalika tena. Kuwaokoa lilikuwa jambo jema. Lakini mtoto asiye na kosa anapoishi ndani ya uzio huku aliyeagiza kiungo chake akitembea huru, lazima tuulize upelelezi ulikwama wapi.

Umoja wa Mataifa ulihesabu zaidi ya watu 70 wenye ualbino waliouawa nchini Tanzania kati ya mwaka 2000 na 2015. Hukumu ya kwanza ilitoka Kahama, Septemba 2009, watu watatu walipohukumiwa kunyongwa kwa kumuua mvulana wa miaka 14. Hukumu nyingine zilifuata. Ila waliofika kizimbani kwa kawaida ni wale walioshika panga. Mnunuzi, yule mwenye fedha, ni nadra kuonekana.

Chanzo ni namna kosa lenyewe lilivyosomwa. Mauaji haya ni biashara. Yupo anayetonya, mara nyingi ndugu au jirani, maana kikulacho ki nguoni mwako. Yupo mkataji, yupo dalali, yupo mganga, na mwisho wa mstari yupo mnunuzi. Ripoti ya Msalaba Mwekundu ya mwaka 2009 ilitaja dola 75,000 kuwa bei ya viungo vyote vya mtu mmoja. Mkulima wa Kasulu au mvuvi wa Ujiji hana fedha hizo. Hata hivyo jalada lilifunguliwa kama la ugomvi wa shamba: mwili umepatikana, mtuhumiwa wa karibu amekamatwa, amekiri, kazi imekwisha. Mnyororo wenye pete tano ukakatwa kwenye pete ya pili.

Ungamo ndilo lililowadanganya wapelelezi wengi. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 inataka mtuhumiwa ahojiwe ndani ya muda wa saa 4 tangu awe chini ya ulinzi, isipokuwa muda huo uongezwe kwa utaratibu. Muda wa kumsafirisha hauhesabiwi. Kwa mwambao wa Ziwa Tanganyika kipengele hicho ni cha thamani kubwa. Mtu akikamatwa Kalya, kusini kabisa mwa Uvinza, safari ya boti hadi Kigoma mjini inaweza kumaliza siku nzima. Sheria inamlinda askari, mradi aandike: boti iling'oa nanga saa ngapi, ilitia nanga saa ngapi, mtuhumiwa aliingia kituoni saa ngapi, mahojiano yalianza saa ngapi. Asipoandika, wakili atauliza swali moja tu na maelezo ya onyo, yaani ungamo lililoandikwa polisi, yatakuwa hatarini kukataliwa. Kama jaladani hamna kingine, mshtakiwa anarudi nyumbani.

Ungamo la kupigwa ni baya zaidi. Mwaka 1976, katika msako wa wauaji wa vikongwe mikoa ya Mwanza na Shinyanga, watuhumiwa waliteswa na baadhi yao wakafia mikononi mwa vyombo vya dola. Ali Hassan Mwinyi, Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu Januari 1977 kubeba dhamana ya kisiasa. Kitendo chake kinasifiwa hadi leo, na kinastahili. Tulichokiacha nyuma ni somo la kazi: kipigo hakikukomesha mauaji ya vikongwe, kwa sababu anayeteswa hutaja jina lolote litakalomwokoa.

Machi 2009 serikali ilijaribu njia nyingine, kura za siri. Wananchi waliandika majina ya wanaowashuku na kuyatumbukiza sandukuni. Nia ilikuwa njema, na mwenye hofu alipata pa kusemea. Lakini jina kwenye karatasi linaweza kuwa la muuaji, na linaweza kuwa la mtu mnayegombea naye mpaka wa shamba. Kura inaweza kuonyesha pa kuanzia, haiwezi kusimama kizimbani.

Kuna kosa jingine, la kitaalamu kabisa. Tangu kesi ya Waziri Amani ya mwaka 1980, Mahakama ya Rufani inapima utambuzi wa macho kwa mambo ya wazi: mwanga, umbali, muda wa kumtazama mtu, na kama alifahamika kabla. Watu wengi wenye ualbino wana uoni hafifu. Mpelelezi anayeegemeza jalada lote kwenye macho ya majeruhi aliyevamiwa usiku anampeleka mtu huyo mahakamani akaumie mara ya pili. Alipaswa kuyazungushia maelezo yake ushahidi mwingine: damu kwenye nguo, vinasaba kwa Mkemia Mkuu, nyayo, panga lenye hati ya ukamataji mali iliyosainiwa na mashahidi, na kumbukumbu ya kila mkono lilimopitia.

Mifano ya kazi nzuri haiko mbali. Agosti 2010 mjini Mwanza, polisi walijifanya wanunuzi, wakamnasa raia wa Kenya aliyekuwa akimuuza mwenzake mwenye ualbino kwa mamilioni ya shilingi. Ndani ya siku chache alihukumiwa kifungo cha miaka 17, na aliyetaka kuuzwa alitoka hai. Mtego ule uliingia sokoni badala ya kusubiri maiti. Mwaka mmoja kabla, mahakama ya Ruyigi, Burundi, ng'ambo tu ya mpaka wa Kigoma, iliwatia hatiani watu kadhaa, mmoja kwa kifungo cha maisha, na ilielezwa kwamba viungo vilikuwa vinavushwa kuja Tanzania. Kwa hiyo jalada la Ruyigi na la Kibondo, upande wetu wa mpaka, yalipaswa kusomwa kwenye meza moja.

Mwaka 2008 laini za simu zilikuwa hazina wenyewe. Leo zimesajiliwa kwa alama za vidole, na fedha za mtandaoni huacha alama. Tume ya Haki Jinai iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman ilipendekeza mwaka 2023 kiundwe chombo cha upelelezi kinachojitegemea. Kikiundwa, kipimwe kwa jambo hili: mkataji akishakamatwa, jalada lisifungwe mpaka simu zake, fedha alizopokea na njia aliyopangiwa kupitisha mzigo zimefuatiliwa hadi kwa aliyeagiza, hata kama yuko Bujumbura, Uvira au Dar es Salaam. Watoto wa Kabanga wana haki ya kuishi kwao, na haki hiyo inategemea jalada linalomfikia mnunuzi.