Kidole Kijuacho Njia

Mzee alikuwa ameipakata likembe yake, ala ya ndimi za chuma, na mvua ya Masisi, ambayo haina adabu ya kubisha hodi, ilikuwa imetupa nafasi ya dakika chache. Tulikuwa Lushebere, mashariki mwa Kongo, karibu kabisa na Masisi-Centre kwa mtu atokaye Sake, ndani ya nyumba ya mbao iliyoezekwa mabati. Rafiki yangu, aliyepanda kutoka Goma kuja kurekodi nyimbo za wazee, alikalia kigoda mbele ya mwenyeji wetu. Kinasa sauti chake kilikuwa juu ya sweta iliyokunjwa, hatua moja kutoka kwenye likembe.

"Papa, tunaweza kuanza?"

"Wewe ndiye unayechelewa, mwanangu."

Hapo ndipo nilipoona jambo ambalo nimelifikiria tangu siku ile. Rafiki yangu hakukitazama kinasa. Macho yake yalikuwa kwenye uso wa mzee, naye akitabasamu kama mgeni yeyote aliyekaribishwa vizuri. Kidole gumba chake kilishuka peke yake, kikabonyeza, kikangoja. Aliashiria kidogo kwa kichwa. Mzee akaanza.

Watu husifu sauti ya mwimbaji, na ndivyo inavyofaa. Mimi nataka kukisifu kile kidole.

Kinasa chenyewe ni Zoom H4n, aina iliyoingia sokoni mwaka 2009. Ni kidude cha kuenea kiganjani, chenye maikrofoni mbili kichwani zilizopishana kama watu wawili wanaonyoosheana vidole. Kinakula betri mbili ndogo, zile za tochi, na kinaweka sauti kwenye kadi ya SD. Ubora wa sauti ukiwekwa sawa na wa CD, saa moja ya wimbo inachukua megabaiti 635 hivi, kwa hiyo kadi ya gigabaiti 2 inajaa baada ya saa tatu na kidogo. Kwa nje kimejaa vitufe, na mtu anayekishika kwa mara ya kwanza huvikodolea macho kama aliyepewa ufunguo wa gari la mtu.

Kitufe cha kwanza kujifunza ni REC, na ndicho kinachowaumbua wengi. Ukikibonyeza mara moja, taa nyekundu inapepesa: kinasa kinasikiliza, unaweza kupima sauti, lakini hakiandiki kitu. Ukikibonyeza mara ya pili, taa inatulia na dakika zinaanza kuhesabiwa. Tofauti ya taa inayopepesa na taa iliyotulia ni tofauti ya kupata na kukosa. Najua, kwa sababu niliwahi kukaa mbele ya kwaya nzima, nikabonyeza mara moja na kukunja mikono kwa raha. Waliimba nyimbo tatu. Nilipotaka kuwasikilizisha, hapakuwa na hata neno moja. Kosa lilikuwa langu mwenyewe, na hadi leo sijawa na uso wa kurudi kwao kuomba warudie.

Rafiki yangu ana dawa ya hilo. Anapofika tu, kabla ya salamu kwisha, kinasa chake kiko tayari kinapepesa. Mazungumzo yenyewe ndiyo kipimo chake. Mzee anauliza habari za Goma, anacheka, anaigusa likembe kujaribu ulimi mmoja, na wakati huo kidole kingine kiko ubavuni kikipandisha au kushusha kiwango cha sauti. Shabaha yake ni kwamba sauti kubwa kuliko zote ifike karibu na alama ya -12 kwenye kipimo, isiguse sifuri. Sauti iliyogusa sifuri imechanika, na hakuna fundi wa kuishona. Iliyo ndogo kidogo inaweza kukuzwa baadaye. "Acha nafasi ya furaha," aliniambia, maana mwimbaji akipandwa na wimbo huimba kwa nguvu kuliko alivyojaribu.

Kuna uwezo mwingine uliofichwa kwenye menyu ambao yeye huuwasha nyumbani na kuusahau: kinasa kikiwa kinapepesa, kinatunza kumbukumbu ya sekunde 2 zilizopita. Ukibonyeza kwa kuchelewa kidogo, zile sekunde 2 zinaunganishwa mwanzoni. Wazee wana tabia ya kuanza bila kutangaza, na neno la kwanza la wimbo mara nyingi ndilo jina la anayeitwa au anayesifiwa. Sekunde 2 hizo zimeokoa majina mengi.

Lakini kinachonivutia zaidi ni jinsi anavyobonyeza. Kinasa hiki kina ubaya mmoja unaojulikana kwa wote wanaokitumia: ukikigusa ovyo, maikrofoni zinasikia vidole vyako kuliko zinavyomsikia mwimbaji. Kitufe kinalia "ta!" na mlio huo unabaki ndani ya wimbo milele. Kwa hiyo yeye habonyezi kwa ncha ya kidole. Analaza nyama ya kidole gumba juu ya kitufe, anaiacha ipumzike hapo, kisha anaongeza uzito polepole mpaka kitufe kizame chenyewe. Baada ya kubonyeza mara ya pili anahesabu pumzi kumi kimyakimya kabla ya kumpa mzee ishara. Wimbo ukiisha anahesabu kumi tena, mpaka ulimi wa mwisho wa likembe uzimike, ndipo anagusa STOP. Ule ukimya si hasara. Ndio sauti ya nyumba yenyewe, na atakayesafisha rekodi baadaye atauhitaji.

Katikati ya wimbo kidole kilishuka tena. Nilidhani amekatisha. Kumbe kinasa hiki, kikiwa kinarekodi kwa WAV, ukigusa REC kinaweka alama bila kusimama. Mzee alikuwa ametaja jina la mlima na rafiki yangu hakulielewa. Badala ya kumkatiza, alilichomekea kijiti mahali pake, kama mkulima anavyoweka alama palipo na mche mchanga. Wimbo ulipokwisha na swichi ya umeme ikasukumwa upande wa pili, ambako inafunga vitufe vyote visiguswe kwa bahati mbaya mfukoni, yeye tayari alijua mahali pa kurudi.

Ufundi huu una babu yake, na babu huyo yuko jirani. Mwaka 1956, upande wa Walikale, mtafiti Mbelgiji Daniel Biebuyck alimsikiliza mganaji Shekarisi Rureke akitoa utenzi wa Mwindo, shujaa wa Wanyanga aliyezaliwa akitembea. Kazi ile ilichukua siku 12. Rureke aliimba, akasimulia, akacheza, na watu wakamwitikia. Biebuyck na wasaidizi wake waliyadaka maneno kwa mkono, kalamu ikikimbizana na mdomo. Kitabu kilitoka mwaka 1969, Biebuyck akiwa na Kahombo Mateene, msomi ambaye Kinyanga ni lugha yake ya nyumbani. Wakati huohuo Ulaya, Stefan Kudelski alikuwa akitengeneza vinasa vya utepe vya kubebeka, ambavyo alianza kuviunda mwaka 1951 na kuviita Nagra, neno la Kipolandi lenye maana ya "kitarekodi". Kalamu ya Walikale na utepe wa Kudelski vilikuwa na shida moja: kumfuata mwimbaji bila kumkanyaga.

Kinachofanywa leo na kitufe cha A-B kingewapa wale waandishi raha kubwa. Jioni, mvua ikiwa imerudi juu ya mabati, rafiki yangu alikaa na mjukuu wa mzee kuandika maneno. Alicheza wimbo mpaka kwenye ile alama, akabonyeza A-B mstari unapoanza, akabonyeza tena unapoisha, na mstari ukawa unazunguka wenyewe. Kijana alipotikisa kichwa, kitufe cha SPEED kilipunguza mwendo bila kuigeuza sauti ya babu yake kuwa ya jitu. Mara ya nne kijana akacheka: jina la mlima lilikuwa mbele ya macho yake kila asubuhi, ila babu alilitamka kwa Kihunde cha zamani.

Nimekaa na mafundi wa vyombo vikubwa kuliko hiki, wengine na vichwa vimeinamia vioo vya kompyuta wakati mwimbaji anawatafuta kwa macho. Mwimbaji asiyetazamwa huimba kumaliza. Anayetazamwa huimba kusikika. Kwa hiyo njia hizi za mkato si za kuokoa muda, maana rafiki yangu hana haraka hata kidogo. Ni za kuokoa macho. Vidole vikijua kazi yao, macho yanabaki huru kufanya heshima, na Lushebere, kama kwingine kote, mgeni hupewa kile anachostahili kwa jinsi alivyokaa mbele ya mwenyeji.

Basi, wewe mwenye kinasa chochote na mzee wa kumrekodi, usisubiri, maana milima hii imezoea kuhamisha watu, na wimbo huondoka pamoja na mwenyewe. Lakini kabla hujaenda, kaa usiku mmoja taa ikiwa imezimwa. Tafuta REC kwa kupapasa, bonyeza mara mbili, pandisha sauti, shusha, weka alama, simamisha. Rudia mpaka usihitaji kufikiri. Ukitoka asubuhi, betri za akiba ziwe mfuko wa kushoto, daima wa kushoto, ili hata hizo usizitafute kwa macho.