Ibn Khaldun na Siri ya Ushindi

Katika Muqaddima, aliyoiandika mwaka 1377, Ibn Khaldun (Allah Amrehemu) anamkosoa At-Turtushi aliyedai kuwa upande wenye mashujaa mashuhuri wengi ndio hushinda. Kwake, ushindi hutokana na asabiya: mshikamano, hasa wa ukoo.

At-Turtushi kweli alikosea. Lakini tuitazame Hunayn, mwaka wa 8 Hijria. Waislamu 12,000 walijivunia wingi wao, wakaviziwa, wakatawanyika. Suratut-Tawba, aya ya 25, yaeleza. Kwa riwaya ya Muslim, Al-Abbas aliita kwanza watu wa bai'a ya chini ya mti, nao wakarejea mbio. Kisha wakaitwa Ansari, na mwisho Banu Al-Harith. Ibn Khaldun anakiri kuwa dini huizidishia asabiya nguvu. Sisi twaona hapa dini ndiyo iliyotangulia, ukoo ukafuata.