Meza Tupu Kando ya Barabara

Kitabu cha picha cha Ryann Ford, The Last Stop (2016), kinahusu vituo vya zamani vya kupumzikia kando ya barabara kuu za Marekani. Baadhi vimeshabomolewa. Ninayoirudia zaidi ni picha ya White Sands, New Mexico: meza, kibanda cha kivuli, mchanga mweupe na anga, basi. Ni nzuri mno, na hapo ndipo ninapogombana nayo. Hakuna mtu. Karibu kitabu kizima ni hivyo, hata nikasahau kwamba meza ile ilijengewa msafiri aliyechoka.

Vituo hivi havikufa kwa uzee tu. Mwaka 2009 Arizona, kwa uhaba wa fedha, ilifunga 13 kati ya vituo vyake 18. Ford anaomboleza majengo, na anaomboleza vizuri. Lakini baba yangu huendesha lori Mombasa hadi Kampala na hulala kabini, kwa hiyo swali langu ni jingine: kituo kikifungwa, dereva analala wapi?

Wamarekani wenyewe wameliuliza. Mwaka 2012 walitunga Sheria ya Jason kuhusu maegesho ya malori. Jason Rivenburg aliuawa mwaka 2009, South Carolina, akiwa ameegesha kwenye kituo cha mafuta kilichoachwa. Alikuwa amewahi kufika, na mahali pa kushushia mzigo palikuwa bado hapajafunguliwa. Katika kurasa za Ford simwoni dereva wa namna yake.